Nesi wa Leba na Mtoto wa Fisi Maji

Watu wa kujitolea mimi siwapendi, bora niseme mapema. Nimekuwa mpishi wa wanyama katika kituo hiki tangu kikiwa na banda moja na choo cha kuazima kwa jirani, na nimewaona wakija na kuondoka. Wanatoka nchi za watu na mabegi makubwa mgongoni, wanapiga picha na kobe, wanalia siku ya kuagana, na vyombo wanaviacha kwenye beseni havijaoshwa. Kwa hiyo siku niliyoambiwa niende na dereva stendi kumpokea mgeni kutoka nchi jirani, nilikwenda nimenuna.

Mgeni alishuka wa mwisho. Mimi nilikuwa natafuta kijana. Akashuka mama mtu mzima, mnene wa haja, kichwa kimejaa mvi, sanduku lake limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, chupa ya chai iko kwapani. Akawaaga abiria wenzake mmoja mmoja, akamwambia kondakta apunguze sigara, halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye wa wanyama?"

"Mimi ni mpishi wao. Mgeni mwenyewe yuko wapi?"

"Unamtazama."

"Mama, huku kuna kazi ya kubeba ndoo."

"Na mimi nimebeba watu," akanijibu. "Shika sanduku, mdogo wangu, acha kunibonyeza kwa macho kama nyanya ya sokoni."

Nikashika sanduku. Ningefanyaje?

Njiani ndani ya pikapu alitusimulia habari zake bila kuombwa. Alikuwa nesi wa leba, maisha yake yote ya kazi, wodi ile ile. Kazi ya kupokea watoto wa watu. Ukutani pale wodini palikuwa na kalenda yenye picha za wanyama, imepitwa na wakati lakini hakuna aliyeitoa, na yeye kila alipoinua kichwa aliwaona. Akajiapiza kwamba akistaafu atakwenda kumwona mnyama asiye wa karatasi, na si kumwona tu, atamhudumia. Alipowaambia wanawe, wakamwitia kikao.

"Kikao!" akasema, akampiga dereva bega utadhani dereva ndiye aliyekiitisha. "Watoto niliowatawaza! Kifungua mimba wangu amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yake ananiuliza kama kichwa kiko sawa. Eti, Mama, ukae ulee wajukuu. Wajukuu nawapenda, lakini wana wazazi wao. Nikawaambia kikao kimefungwa, nikaenda kununua tiketi."

Dereva akacheka mpaka akaingia shimoni. Mimi sikucheka, nilikuwa bado nimenuna, ila nilishaanza kuchoka kununa.

Alilala chumbani kwangu. Nyumba ya wageni ina vitanda vya juu na chini, na yeye alisema umri wake si wa kupanda ngazi kwenda kulala. Chumba changu kina vitanda viwili, pazia katikati, na dirisha linalotazama jiko la wanyama, ambako mchana kutwa nakata samaki, nyama na maboga. Harufu ya samaki haimtoki mtu anayekaa humo. Alinusa mara moja, akasema leba ilinuka zaidi, akatandika.

Asubuhi daktari wa wanyama akampa sheria. Huyu daktari ni binti mwembamba, mpole wa sauti, anayeweza kuwa kitinda mimba wa Nesi. Akamweleza kwamba hapa tunapokea wanyama walioumia na watoto yatima, tunawatibu, tunawarudisha walikotoka. Kuwarudisha ndiyo kazi yenyewe. Mnyama aliyezoea watu harudi. Ukimwachia, anajipeleka mwenyewe kwa mtu mwenye panga. Ndiyo maana kwenye mabanda ya watoto hakuna kusema. Unavaa koti la kijivu, kofia hadi kwenye nyusi, glavu. Unasukuma chakula kwa sahani yenye mpini mrefu kupitia tundu la ukutani, unaondoka. Tunasemezana kwa vidole. Hata kikohozi unakimeza.

Nesi alisikiliza mikono kifuani.

"Hata kumwambia pole?"

"Hata pole, mama."

"Haya."

Wakampeleka kufua mablanketi ya mabanda. Kila asubuhi alikwenda kusimama mlangoni kwa meneja, mikono inatoa povu, anamkumbusha kwamba hakuvuka mpaka kuja kuwa dobi. Meneja ni mtu wa shati lililopigwa pasi na simu mbili. Alikuwa anamwambia avumilie. Nesi anajibu, "Navumilia, lakini nakuja tena kesho," na kesho anakuja kweli.

Kilichomtoa kwenye kufua ni ndoo. Mvuvi mmoja alileta ndoo ya plastiki imefunikwa gunia, ndani yake kuna mtoto wa fisi maji, kadogo, kanaenea ndani ya kiatu. Fisi maji ni mnyama wa mtoni, manyoya laini ya kahawia, masharubu ya paka, miguu ya bata, na chakula chake ni samaki na kaa. Wavuvi hawamtaki hata kumsikia kwa sababu anachana nyavu. Mama yake huyu alipigwa kasia la kichwa. Mvuvi hakusema nani alipiga, na sisi hatukumuuliza, maana angalau kale katoto alikaleta.

Kakagoma kula. Daktari alijaribu chupa, akajaribu bomba la sindano lisilo na sindano, maziwa yanamwagika tu kidevuni. Siku ya pili kalikuwa kamelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Daktari, macho mekundu, akakumbuka kwamba kule kwenye kamba za nguo kuna mtu aliyelisha watoto njiti. Akampa koti la kijivu na chupa, akaonyesha kidole mdomoni: kimya. Nesi akaingia, akafunga mlango.

Jioni kale kakitu kalikuwa kamekula. Kesho yake kakaanza kupiga mluzi, maana fisi maji analia kwa mluzi mwembamba unaotoboa masikio. Daktari akamkumbatia Nesi mbele yetu sote, akasema hiyo ndiyo mikono ya kazi. Nesi akatazama ukuta.

Mtoto akanenepa. Nilimkatia dagaa, baadaye samaki wa kiganja, baadaye nikampa kaa wazima akawavunja mwenyewe kama mtu anayekula karanga. Akahamishiwa banda kubwa lililo kando ya mto, lenye bwawa na seng'enge. Mpango ulikuwa afunguliwe mvua zikikata. Nesi alirudi kufua bila kulalamika, na hilo peke yake lilipaswa kutushtua.

Siku moja daktari alimleta meneja kumwonyesha fisi maji wetu alivyo mwepesi wa kujificha. Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya samaki. Tumesimama nyuma ya ukuta, tumevaa makoti, hakuna anayepumua. Mnyama alituhisi, akazama, safi kabisa. Daktari akatabasamu. Wakati huo huo, mbali, kwenye kamba za nguo, dereva alimwambia Nesi utani wake wa kila siku na Nesi akaangua kicheko. Loo! Fisi maji aliruka majini kama amechomwa. Akaja mbio kwenye seng'enge upande wa kicheko, akasimama kwa miguu miwili, akapiga mluzi, akapiga tena, anapenyeza mkono kwenye waya kama mtoto aliyemwona mama yake akirudi sokoni.

Daktari alikaa chini, palepale kwenye matope.

Ofisini kwa meneja tulisimama wanne, na Nesi hakusubiri kuulizwa.

"Nilimsemesha, ndiyo. Nilimsemesha tangu dakika ya kwanza. Nilimwambia mama yako amekufa, pole, lakini wewe kula. Akala. Sijawahi kumpokea mtoto nikakaa kimya, wala sijamwona mtoto anayetaka kuishi kwenye nyumba ya mabubu. Ningenyamaza mngemzika."

"Inawezekana," daktari akasema kwa sauti ndogo. "Hilo sibishi, mama. Lakini uliendelea hata alipopona."

Nesi akajifuta povu mikononi.

Meneja akakata maneno. Mnyama huyu haendi mtoni. Atakwenda bustani ya wanyama mjini, gari lao litakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Atakaa kwenye bwawa la saruji nyuma ya kioo, watu wamtupie biskuti mpaka afe. Hakuyasema haya ya biskuti, nayasema mimi, kwa sababu nimeshafika huko na nimeona. Na kuhusu mama, akasema, tumeshampigia mwanao, tiketi imeagizwa.

"Tiketi hiyo kaitumie mwenyewe ukapumzike," Nesi akasema. "Mimi siondoki. Yule akiwa kwenye kioo maisha yake yote kwa ajili ya mdomo wangu, nitalala wapi? Nitakula nini kikashuka? Daktari, mwanangu, niambie. Kilichoingia hakitoki?"

Daktari alivuta pumzi. Akasema iko njia moja, haipendi, na mara nyingi haifui dafu. Mnyama anaweza kufundishwa kuogopa watu. "Lakini nikimfukuza mimi, atakimbilia kwako. Akifukuzwa na dereva, atakimbilia kwako. Wewe ndiwe mama yake. Lazima umfukuze wewe, kwa sauti hiyo hiyo, bila koti, akuone uso. Na lazima aamini."

Simu ya Nesi ikalia. Kifungua mimba. Tulimsikia sote, maana alikuwa anapiga kelele: Mama, wamekufukuza, rudi, watu watasema nini.

"Hajazaliwa wa kunifukuza," Nesi akamwambia, akakata. Halafu akamtazama meneja bila kupepesa macho mpaka meneja akaanza kupanga kalamu zake. Akampa hadi siku ya gari. Gari likifika mnyama akiwa bado anakuja kwa sauti yake, wote wawili wanaondoka.

Siku ya kwanza aliingia bandani na beseni la bati na mwiko wangu. Sisi tuko nyuma ya ukuta. Fisi maji alimwona uso kwa mara ya kwanza bila kofia, akapagawa. Alizunguka miguu yake, akapanda juu ya kiatu, anapiga mluzi. Nesi akagonga beseni. "Toka. Nenda. Shii." Kwa sauti ile ya kumwambia mgeni asiondoke kabla ya chai. Mnyama akaupora mwiko, akaruka nao majini, akalala chali ameukumbatia. Dereva akacheka. Nikamfinya.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mnyama alikuwa anamsubiri mlangoni, amechagua jiwe la kumletea.

Nesi akaja jikoni kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuwahi kumwona amenywea.

"Siwezi, mdogo wangu."

Na mimi hasira zikanipanda, sitaficha. Nikamtolea uvivu. "Unaweza kumjibu meneja, unaweza kumkatia simu mwanao, unaweza kuvuka mpaka na mvi zako, halafu mnyama wa kilo chache anakushinda? Watoto wa chuo wakilia hapa nawaelewa. Wewe ulisema umebeba watu!"

Akaanza kuzungumza taratibu. Kule leba, akasema, kila mtu anajua manesi wa leba walivyo na midomo. Wanawake wanakuja kujifungua wanawaogopa wao kuliko uchungu. Kulikuwa na mmoja wa zamu yake, akifungua mdomo wajawazito wanatetemeka. Yeye hakuwahi. Hata yule aliyemng'ata mkono mpaka damu, alimwambia ng'ata tu, mama, mkono ni wako. Hicho ndicho kitu alichoondoka nacho pale. Hakupewa saa ya ukutani wala cheti. Aliondoka na hicho, kwamba hakuna mwanamke hata mmoja anayekumbuka siku hiyo kwa sababu ya tusi lake.

"Sasa unanitaka nianze uzeeni," akasema. "Na nianze na yatima."

"Gari linakuja Jumamosi," nikamwambia.

Akainuka. Akachukua beseni, akaacha mwiko, akachukua mchi wa chuma ninaovunjia mifupa. Akapiga moyo konde, nilimwona mabega yakipanda. Nikamfuata, daktari akatufuata.

Aliusukuma mlango kwa teke. Fisi maji akaja mbio na lile jiwe mdomoni. Nesi akapiga beseni kwa mchi, juu ya masikio yake kabisa, mlio uliotufanya hata sisi turuke, na sauti iliyomtoka sikuijua.

"Wewe! Unalia nini? Nani kakuita hapa? Nilikutuma mimi uje duniani? Funga mdomo!"

Mnyama akaangusha jiwe. Akasogea mbele kidogo, anapiga mluzi wa kuuliza.

"Nimesema funga mdomo! Hukuja kuimba hapa! Wakati mama yako anakutafuta hakunishirikisha, sasa unanililia mimi ili iwe nini? Toka! Mchafu we! Toka mbele ya macho yangu!"

Akachukua ndoo ya maji baridi, akammwagia usoni. Akapiga beseni. Akakanyaga ardhi kwa vile viatu vyake vizito, akamfuata kila alikokwenda, pembeni, nyuma ya gogo, ukingoni mwa bwawa, anapiga, anatukana, matusi yote ya wodi ambayo alikuwa ameyasikia na kuyakataa maisha yake yote yakamtoka moja baada ya jingine, mengine siwezi kuyaandika. Fisi maji alilia. Si mluzi, alilia, sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Akajitupa majini, akaingia kwenye shimo lake chini ya mizizi, akanyamaza. Nesi aliendelea kupiga beseni juu ya shimo mpaka sauti yake ikakatika.

Akatoka. Alitupita bila kutuona, akaenda nyuma ya jiko, akatapika. Daktari alitaka kumshika, akamwondolea mkono. "Usiniguse, mwanangu. Kesho narudia."

Akarudia. Kila siku, asubuhi na mchana. Chakula hakikumshuka, alikuwa anakunywa chai tu, akaanza kupwaya kwenye gauni. Upande wa pili wa pazia nilimsikia anageuka na kugeuka. Sikumwambia pole. Niliona pole ingemvunja.

Jumamosi gari la bustani ya wanyama likaja, kizimba cha chuma nyuma, watu wawili wenye sare. Meneja akatoka na simu zake mbili. Akamwambia Nesi asimame nje ya seng'enge, acheke. Kama alivyocheka siku ile.

"Sina kicheko," Nesi akasema.

"Basi sema chochote."

Fisi maji alikuwa juu ya gogo anakausha manyoya. Nesi akafungua mdomo, akasema kwa kawaida kabisa, "Bosi, hao vijana wa gari wamepewa chai?" Gogo likabaki tupu. Hatukumwona hata alivyoingia majini. Tulisubiri, hata masharubu hayakutokeza.

Vijana wa gari walikunywa chai, wakaondoka na kizimba kitupu. Meneja akaichana ile tiketi, Nesi akamwambia angalau asichafue uwanja, naye akavitia vipande mfukoni.

Mvua zilipokata, daktari alikata seng'enge upande wa mto. Nesi hakuruhusiwa kuwepo, asije akamtisha akarudi shimoni. Alikaa chumba cha kufulia anapiga pasi mablanketi yasiyohitaji pasi. Kesho yake banda lilikuwa tupu, na nyayo zimeelekea majini.

Baada ya hapo aliingizwa rasmi kwenye mabanda ya watoto. Alivaa koti, akanyamaza kama kaburi. Daktari mwenyewe aliomba. Meneja alipouliza kama ana uhakika, alisema hakuna mwingine hapa anayejua gharama yake.

Muda ukapita. Siku moja nilikwenda naye mtoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kuchukua mzigo wa wiki. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta miwani. Ng'ambo, kwenye mawe, walitokeza fisi maji watatu. Wawili wakubwa, na mmoja mdogo kidogo, ameshika kaa kwa mikono miwili, anamvunja kama mtu anayekula karanga. Nilimjua kwa ulaji wake. Karibu na mawe yale kulikuwa na mvuvi ndani ya mtumbwi, anaanza kuinua kasia.

Nilimshika Nesi mkono. Alishaona. Alisimama, miwani ikaanguka, akaweka viganja mdomoni na kupiga ukelele ule wa bandani, "Tokaaa! Mchafu we! Tokaaa!" Mto mzima ukageuka kutazama. Yule mdogo alitupa kaa wake na kuzama, na wale wawili wakazama nyuma yake, na kasia likapiga jiwe tupu.

Mvuvi akageuka na hasira. "Mama, una wazimu? Unamtukana nani?"

Nesi alikuwa analia, machozi yanafika kidevuni, na wakati huo huo anacheka, kicheko chake kile kile kikubwa, anapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mwanangu!" akamjibu. "Umeona alivyokimbia? Ananichukia! Ananichukia kabisa!"